Kosa, Pigo na Ari: Namna ya Kumsoma Mhusika Anayeanguka na Kuinuka

Utangulizi

Mwaka 2016, katika shule moja hapa Meru, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne swali kuhusu riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida: fafanua sifa za Mwalimu Majisifu (alama 10) na umuhimu wake katika riwaya (alama 10). Nilikuwa mgeni katika kazi hii na nilikuwa na orodha yangu daftarini: mlevi, mwizi wa kazi ya wengine, mwenye majivuno, mtepetevu kazini, asiyejali familia. Nilisahihisha usiku, baridi ya Julai ikipenya kutoka upande wa mlimani, na kila jibu lililotoka nje ya orodha hiyo nililipiga mkasi.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa amerudia kidato cha nne. Alikuwa amefanya mtihani mwaka uliotangulia na hakufikia alama alizozitaka. Yeye aliandika kwamba Majisifu pia ni mwenye kujirekebisha, na kwamba umuhimu wake ni kuonyesha kuwa mtu aliyeanguka anaweza kuikabili aibu yake. Nilimpa alama 8 kwa 20. Kesho yake alikuja kwenye ofisi ya walimu akiwa na riwaya mkononi, kidole kikiwa ukurasani. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba unionyeshe mahali ambapo kitabu kinayakanusha haya niliyoandika." Nilifungua, nikasoma, nikafunga. Hapakuwa na mahali. Nilimwongezea alama hadi 14, kisha nikaenda darasani kuwaambia wenzake kwamba orodha yangu ilikuwa na upungufu.

Kosa lile lilikuwa langu, na ndilo lililozaa makala haya. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini walimu wengi, na watahiniwa wetu pamoja nasi, humsoma mhusika aliyeshindwa kana kwamba kushindwa kwake ndiko jina lake. Swali hili lina uzito kuliko alama za karatasi moja. Darasa la kidato cha nne limejaa vijana wanaosubiri kuambiwa kama wao ni wa kufaulu au wa kufeli. Tukiwafundisha kwamba mhusika huhukumiwa kwa anguko lake tu, watayahamisha mafunzo hayo kutoka kitabuni hadi maishani mwao.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kufafanua maneno tunayoyatumia tunapozungumzia kushindwa na kufaulu kwa mhusika. Pili, kupendekeza maswali ambayo mwalimu na mtahiniwa wanaweza kuyatumia kumchambua mhusika wa aina hii. Tatu, kuyatumia maswali hayo katika kazi ambazo zimetahiniwa humu nchini, za zamani na za karibuni.

Maneno yenyewe

Mtahiniwa mwingi hutumia neno "kosa" kwa kila jambo baya linalompata mhusika. Hili humfanya achanganye hoja. Ni vyema tutofautishe mambo manne.

(i) Pigo. Hili ni baya linalomfika mtu bila yeye kulitenda. Kufiwa, kusingiziwa, kuibiwa, kuzaliwa katika ufukara. Kongowea Mswahili wa Siku Njema (1996), anayefiwa na mama na kuanza safari ndefu ya kumtafuta baba asiyemjua, anaanza maisha kwa mapigo.

(ii) Kosa. Hili ni tendo la mhusika mwenyewe, linalotokana na kutojua, papara, woga au udhaifu. Mwenye kukosa huenda hakukusudia madhara.

(iii) Uovu. Hili ni tendo la makusudi. Mhusika anajua atakayeumia, na anatenda.

(iv) Kushindwa. Haya ni matokeo. Mtu anaweza kushindwa kwa sababu ya pigo, kwa sababu ya kosa, au kwa sababu ya uovu wake kugeuka na kumrudia. Pia anaweza kushindwa hata baada ya kufanya kila kilichopasa.

Upande wa pili wa mizani kuna neno lenye utata zaidi, nalo ni "tamaa". Lugha yetu inalitumia neno hili kwa njia mbili zinazoonekana kupingana. Tunamwambia kijana asikate tamaa. Hapo tamaa ni kitu kizuri, ni matumaini, ni kamba ambayo haifai kukatwa. Kijana huyo huyo tunamwonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Hapo tamaa ni uroho. Mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza: niwe nayo au nisiwe nayo?

Jibu ni kwamba lugha haijichanganyi. Inatuonyesha kuwa hamu ya kupata makuu ni moja, na hugeuka njema au mbaya kulingana na njia inayofuatwa na mtu anayelipa gharama. Kwa urahisi wa kufundisha, mimi huita "ari" ile hamu ambayo mwenyewe yuko tayari kuitolea jasho, na "uroho" ile hamu ambayo gharama yake hutupiwa mtu mwingine. Methali husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenye ari huinama. Mwenye uroho humwinamisha mwenziwe.

Hata methali zetu kuhusu makosa zimegawanyika pande mbili. Upande mmoja tunaambiwa kwamba kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele, na kwamba kosa moja haliachi mke. Upande wa pili tunaambiwa maji yakimwagika hayazoleki, na majuto ni mjukuu. Mwalimu wa fasihi simulizi anaweza kuwapa wanafunzi methali hizi nne na kuwauliza: ni katika hali gani kila moja ni kweli? Mjadala huo utawaandaa vizuri kwa riwaya na tamthilia.

Maswali matano ya kumuuliza mhusika

Nimeona kwamba mtahiniwa akijibu maswali matano yafuatayo kwa ushahidi wa matukio, hawezi kukosa hoja:

1. Mhusika huyu alitaka nini?
2. Alitumia njia gani kukipata?
3. Alianguka kwa pigo, kwa kosa, au kwa uovu?
4. Nani aliyelipa gharama ya anguko lake?
5. Alifanya nini baada ya kuutambua ukweli?

Watahiniwa wengi hujibu swali la kwanza na la tatu tu. Swali la nne na la tano ndiyo hutofautisha jibu la kawaida na jibu bora, kwa kuwa ndiyo huonyesha ukuaji wa mhusika au kutokua kwake.

Majisifu: sifa bila jasho

Tuanze na yule aliyenifunza. Majisifu anataka nini? Anataka heshima. Ni ndugu wa Mtemi Nasaba Bora, mtu mwenye mamlaka na mashamba Sokomoko, na anataka jina ambalo ni lake mwenyewe. Kutaka jina katika uandishi si aibu. Kila mwandishi tunayemsoma alilitaka kwa kiasi fulani. Hamu yake kwa hiyo ilianza kama ari.

Njia yake ndiyo iliyoharibika. Kuandika kunahitaji kukaa kitini, kufuta na kuandika upya, na Majisifu ameukabidhi muda wake kwa pombe. Mswada wa kijana Amani unapopita mikononi mwake, anauchukua na kuuchapisha kwa jina lake. Hapa hatuna kosa la kuteleza. Tuna uovu: alijua kazi ni ya nani.

Walibora anamwadhibu kwa namna ambayo kila mwalimu anapaswa kuwaonyesha wanafunzi, kwa kuwa ni kinaya kilichosukwa vyema. Majisifu anapoalikwa ng'ambo kukihutubia chuo kikuu kuhusu kitabu hicho, hana la kusema. Angalau mwizi wa ng'ombe anaweza kumkama ng'ombe aliyemwiba. Mwizi wa kitabu hawezi kueleza kilichomsukuma mwandishi kukiandika, kwa sababu yeye hakusukumwa na chochote. Fahari aliyoitafuta ndiyo inayomwanika mbele ya watu. Jina la riwaya lenyewe, ambalo pia ndilo jina la mswada ulioibwa, ni usemi kuhusu mtu aliyeharibikiwa na mambo mikononi mwake, na mwizi anaubeba usemi huo kifuani bila kujua kwamba unamtaja yeye.

Nani alilipa gharama? Amani, aliyepokonywa jasho lake. Dora, mkewe. Watoto wao wenye ulemavu, ambao ulezi wao unawaangukia wengine, akiwemo Imani. Wanafunzi wake, ambao mwalimu wao wa Kiswahili yuko kilabuni kipindi chake kinapofika. Hili la mwisho huwa halitajwi sana, nami nadhani ni kwa sababu sisi walimu ndio tunaoandaa miongozo.

Tukifika swali la tano, tunaona kwa nini mwanafunzi wangu alikuwa sahihi. Majisifu anakiri. Anamkabili Amani, mwenye mswada, na kuacha kujificha nyuma ya sifa ambazo si zake. Anaachana na ulevi. Riwaya haimpi tena ile fahari ya kwanza. Inampa kitu kidogo zaidi lakini cha kweli, yaani nafasi ya kuishi bila uongo. Mlinganishe na ndugu yake. Nasaba Bora naye maovu yake yanafichuka, lakini yeye anajiua. Wote wawili wameumbuka, wote wawili ni wa ukoo mmoja, na wote wawili walitaka ukubwa. Mmoja anaikabili aibu, mwingine anaikimbia hadi kaburini. Mwandishi ameuweka ukuaji wa Majisifu kando ya anguko la nduguye ili tupime. Anayemwita Majisifu "mhusika bapa" hajaiona mizani hiyo.

Amani: anayepigwa bila kukosa

Amani anatusaidia kuelewa pigo. Mswada wake umeibwa. Anafanya kazi ya kuchunga mifugo ya mtu aliyeidhulumu jamaa yake. Anamlea mtoto mchanga aliyeachwa kwenye kibanda chake, na mtoto huyo anapofariki, yeye na Imani ndio wanaotiwa mbaroni. Hakuna lolote kati ya haya ambalo ni kosa lake.

Hapa nina onyo kwa watahiniwa. Ukiandika kwamba Amani "alijifunza kutokana na makosa yake", umepotoka. Alilolifanya ni kuvumilia mapigo bila kuyaacha yamgeuze mwovu. Uwezo wa kulipiza kisasi anaupata baadaye, lakini anasamehe. Mtu anaweza kukua kwa kukiri kosa, na anaweza pia kukua kwa kukataa kuambukizwa uovu wa waliomkosea. Hizi ni njia mbili tofauti, na jibu bora huzitenganisha.

Yona: mwalimu mwingine, anguko jingine

Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege tunakutana na Yona, ambaye naye alikuwa mwalimu na ambaye pombe pia ilimpotezea kazi. Walimu wawili, chupa moja. Mtahiniwa mvivu ataandika sifa zile zile kwa wote wawili. Lakini maswali yetu matano yanawatenganisha.

Yona hakuanguka kwa kutaka sifa za bure. Mzigo wake ulianza kwa masimango ya jamii: kwanza ndoa yake ilipokaa bila mtoto, kisha walipozaliwa mabinti badala ya mvulana. Hilo ni pigo. Yona hakuchagua masimango hayo. Kosa lake ni jinsi alivyoyajibu. Badala ya kuikana mila inayomthamini mtoto kwa jinsia yake, aliyakubali maneno ya watu moyoni, akayaosha kwa pombe, na hasira ikamwangukia Sara.

Hapa swali la nne linauma. Gharama ya unyonge wa Yona ililipwa na mkewe, ambaye tunamkuta akiwa mgonjwa, na mabinti ambao walikua wakiona baba akirejea nyumbani akiwa mlevi. Mabinti hao hao waliosimangwa kwamba si warithi ndio wanaokuja kuwa nguzo ya wazazi. Neema, aliyesomeshwa kwa shida, ndiye anayegharamia matibabu ya mama. Kinaya hiki kinajibu masimango ya kijiji chote kuliko hotuba yoyote.

Yona naye anabadilika. Anaiacha pombe, anajuta, na anamrudia Sara kama mume. Lakini mwalimu asiwaache wanafunzi wafurahie upesi mno. Awaulize: je, majuto ya Yona yanaweza kumrudishia Sara afya yake? Yanaweza kuwarudishia mabinti utoto wao? Bembea hupanda na kushuka, lakini waliokuwa wameketi juu yake wakati wa kushuka walijeruhiwa. Ukuaji wa kweli unaijua hasara hiyo na haudai isahaulike.

Kwetu huku Meru, wazo hili si geni. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao makuu yako Nchiru, wamejulikana tangu jadi kwa kusikiza kesi na kuamua fidia. Katika utaratibu wa namna hiyo, mkosaji hatoki barazani kwa kusema "nimekosa" tu. Anaulizwa atalipa nini na kwa nani. Ninapofundisha swali la nne na la tano, mimi huwaambia wanafunzi wajione kama wazee barazani: msikize mhusika akikiri, kisha muulize amelipa nini. Wanafunzi wanaotoka Igembe, Tigania au Imenti hulielewa jambo hili mara moja.

Gege: hamu isiyotazama nyuma

Si kila anayeanguka hukua, na fasihi ingekuwa ya uongo kama ingedai hivyo. Katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, mwandishi mzaliwa wa Tharaka, tuna ndugu wawili, Mwelusi na Gege. Wote wana hamu kubwa. Mwelusi anataka Butangi iliyo huru, ambamo wananchi hawanyimwi maji ya kisima chao. Gege anataka kupanda: ameahidiwa kumwoa Alida, binti wa Mtemi Bokono.

Njia ya Mwelusi inamgharimu yeye mwenyewe. Anafungwa na kuteswa. Njia ya Gege inamgharimu ndugu yake: anamuua Mwelusi kwa ahadi ya ndoa. Hapa ule utofauti wa ari na uroho unaonekana waziwazi bila kuhitaji ufafanuzi. Ndugu wawili walionyonya titi moja wamezishika pande mbili za neno "tamaa".

Je, nani alifaulu? Ukipima kwa macho ya Gege asubuhi ile anapojiona mkwe wa mtawala, Mwelusi ameshindwa: amekufa. Lakini tamthilia inaendelea baada ya kifo kile, na utawala ambao Gege alitegemea kuegemea ndio unaoporomoka. Mauti ya Mwelusi hayakuyazima madai ya wananchi. Hivyo mtahiniwa anaweza kujadili, kwa ushahidi, kwamba mhusika anaweza kupoteza uhai na bado lengo lake likafaulu, na mwingine akapata alichoahidiwa karibu kiganjani na bado akawa ameshindwa. Methali ya mtaka yote hukosa yote inamfaa Gege, lakini isiishie hapo. Lililomwangamiza Gege si kutaka mengi. Ni kutouliza nani atalipa.

Maimuna: je, mwanamke anaruhusiwa kukosea?

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba wahusika niliowataja hadi sasa wanaoanguka na kuinuka ni wanaume, na kwamba wanawake wako kando wakiuguza. Mwalimu awaelekeze wanafunzi walione hili pia. Katika jamii yetu, mwanamume mlevi akirudi nyumbani huitwa aliyejirudi. Msichana aliyeteleza mara moja huitwa jina ambalo halimwachi.

Ndiyo maana Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ingali na nafasi katika mjadala huu. Maimuna amelelewa amefungiwa na baba yake Maksuudi. Anapotoroka hana maarifa ya dunia, na anaishia katika ulevi na ukahaba kwenye pango la Mama Jeni. Tukiuliza swali la tatu, jibu si jepesi. Kuna kosa lake, lakini kuna pigo kubwa la malezi lililotangulia kosa hilo. Kijana aliyefichwa dunia hawezi kulaumiwa peke yake kwa kutoijua. Mwandishi hakumwacha Maimuna aangamie pangoni ili awe onyo kwa wasichana. Anamwinua na kumpa maisha mapya pamoja na Kabi.

Mwanafunzi wa kike anayesoma hapo, labda mwenye dada aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, anahitaji mwalimu asiyemalizia somo kwa kusema tu kwamba "Maimuna ni mwasherati". Kitabu kimesema mengi kuliko hayo.

Makosa ya watahiniwa katika maswali ya aina hii

Katika kusahihisha nimekutana na makosa yafuatayo mara kwa mara:

(a) Kuhubiri. Mtahiniwa anaandika kwamba "tunajifunza tusikate tamaa maishani" bila tukio lolote. Hayo ni mahubiri, na mtahini hatafuti mahubiri. Anatafuta hoja na ushahidi kutoka katika kitabu.

(b) Kuorodhesha sifa bila wakati. "Majisifu ni mlevi. Majisifu ni mwenye kujirekebisha." Sifa mbili zinazopingana zikiwekwa sambamba bila kueleza lipi lilitangulia na kilichosababisha badiliko, mtahini ataona mkanganyo. Onyesha safari: alikuwa hivi, likatokea hili, akawa vile.

(c) Kuchanganya pigo na kosa, kama nilivyoeleza kwa Amani.

(d) Kudhani kufaulu ni mali au cheo. Majisifu alikuwa na jina kubwa kabla ya kuumbuka, na jina hilo halikuwa ufanisi.

(e) Kusahau mbinu. Ukuaji wa mhusika hausimami peke yake. Huletwa na kinaya, sadfa, kisengere nyuma na ulinganuzi wa wahusika. Swali likiuliza maudhui, mbinu zinaweza kuipa hoja nguvu. Swali likiuliza mbinu, maudhui yasimeze jibu.

Mfano wa aya dhaifu na aya bora

Tuchukulie swali: "Kuanguka kwa Majisifu ndiko kulikomwinua." Jadili.

Aya dhaifu: Majisifu alikuwa mlevi na mwizi wa mswada. Baadaye alibadilika akawa mtu mzuri. Hii inatufunza kwamba tukikosea tunaweza kujirekebisha.

Aya bora: Mwaliko wa kuhutubia ng'ambo, ambao Majisifu aliutarajia kuwa kilele cha sifa zake, ndio unaomwonyesha utupu wake, kwa kuwa anashindwa kukizungumzia kitabu ambacho hakukiandika. Aibu hii inavunja majivuno yaliyokuwa kizuizi kati yake na ukweli. Baadaye anakiri wizi wake kwa Amani na kuacha ulevi. Hivyo, kilichomwinua si kuanguka kwenyewe, kwani nduguye Nasaba Bora pia alianguka na hakuinuka. Kilichomwinua ni kukubali kuutamka ukweli baada ya kuanguka.

Tazama kwamba aya ya pili haikubaliani na swali moja kwa moja. Inalirekebisha. Neno "jadili" linamruhusu mtahiniwa kufanya hivyo iwapo ana ushahidi. Katika karatasi ya tatu, ambapo kila swali lina alama 20 na mtahiniwa hujibu maswali manne kwa saa mbili na nusu, aya tano au sita za aina hii hutosha kuliko kurasa nne za hadithi inayosimuliwa upya.

Zoezi: Kwa kutumia maswali matano yaliyopendekezwa, mchambue Yona katika Bembea ya Maisha. Kisha mlinganishe na Mrima, mume wa Mangwasha katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ambaye naye pombe inamtenga na familia yake. Nani kati yao alisukumwa zaidi na pigo, na nani na kosa? Nani alimsaidia kila mmoja kuinuka? Wanafunzi wajibu kwa makundi, kisha kila kundi litetee jibu lake kwa kutaja tukio.

Hitimisho

Tumeona kwamba kushindwa kwenyewe hakumkuzi mtu. Kulimvunja Majisifu kabla ya kumfaa, na kulimwangamiza Nasaba Bora. Hamu ya makuu nayo haimwokoi mtu wala haimpotezi kwa kuwa ni hamu tu. Iliwasukuma Mwelusi na Gege kwenye njia mbili zisizokutana. Panapotokea ukuaji, fasihi inatuonyesha mambo matatu: mtu ameitambua sehemu yake katika anguko, ameisema, na amejaribu kulipa. Na pale ambapo anguko ni pigo la wengine, ukuaji umo katika kutolipitisha pigo hilo kwa mtu mwingine.

Kwa walimu wenzangu, nina ombi moja. Tunaposahihisha, tusiwe na haraka ya kupiga mkasi jibu ambalo halimo katika orodha yetu. Kitabu ndicho mwamuzi, wala si daftari la mwalimu. Na ikitokea kwamba mwanafunzi ameona tusichokiona, tuseme hivyo mbele ya darasa. Mimi niliposema, niliogopa heshima yangu ingepungua. Kipindi kilichofuata, mikono iliyoinuka kuuliza maswali ilikuwa mingi kuliko siku zote tangu nianze kulifundisha darasa lile.

Kwa mtahiniwa, hasa wewe uliyerudia au unayehofia kwamba utarudia: mhusika haishii mahali alipoanguka. Fungua ukurasa unaofuata, usome alichokifanya baadaye, na uandike hayo kwa ushahidi.